Maua ya Pugu kwa Pikapu ya Shemeji

Jumatatu, 30 Mei 1994

Madaftari ya kidato cha pili tena. Nusu ya darasa wameandika kwamba mizizi ndiyo inayotengeneza chakula cha mmea. Nimefundisha jambo hilo mara mbili, na mara ya pili nilichora ubaoni. Nimesahihisha mpaka vidole vimeingia wino mwekundu. Nimewachoka, na mie mwenyewe nimejichoka.

Lakini mvua imekatika. Leo asubuhi nyasi za uwanja wa shule zilikuwa na vimaua vya zambarau, vidogo kama vifungo vya shati. Wanafunzi wanavikanyaga tu. Nilisimama kuvitazama mpaka nikachelewa kipindi.

Ndiyo wiki zenyewe hizi. Masika yakishaondoka, kabla upepo wa kipupwe haujakausha ardhi, msitu wa Pugu unachanua kuliko wakati wowote. Watu wa mjini hawana habari. Zamani nilikuwa nawapeleka wanafunzi kwa lori la shule. Lori limeuzwa. Mwalimu mkuu anasema masomo ya vitendo yasubiri. Yasubiri nini, hakusema.

Sitaki kusubiri. Nakwenda mwenyewe. Jumamosi Pugu, msituni. Jumapili pwani, kwa miguu, kutoka Kunduchi kuelekea Mbweni. Pamoja na Eliwaza, jirani yangu, mama wa Kipare kutoka Same. Alikuwa mpiga chapa kwenye shirika la umma mpaka walipompunguza kazi mwaka jana. Sasa anashona sare za shule barazani kwake. Nilipomwambia habari ya maua hakuuliza ya nini. Alisema anataka siku mbili asisikie cherehani.

Jumanne, 31 Mei

Mama mkwe kapita jioni. Kaona vibao vyangu viwili na magazeti ya zamani ninayobania maua yakauke. Kauliza kama bado sijaacha mambo hayo. Nikamwambia ndiyo kwanza tunakwenda Pugu. Akasema mwanamke mwenye mume hachumi majani porini, watu watasema natafuta dawa ya kumlisha mwanawe.

Nimekasirika mpaka sasa. Nafundisha biolojia tangu kabla sijaolewa. Ningekuwa mwanamume ningeitwa mtaalamu. Kwa kuwa ni mwanamke, naitwa mchawi. Nikasema "sawa, mama," nikamtilia chai.

Athumani, mume wangu, alikuwepo. Alikuwa anasoma gazeti. Wala si la leo.

Jumatano, 1 Juni

Gari limepatikana.

Jabiri kaja kula usiku. Ni mdogo wake Athumani, wa mwisho kwa mama yao. Alikuwa kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa. Sasa ana pikapu kuukuu, anabeba chochote: mchanga, mitumba, mahindi ya Tandale, vitanda vya watu wanaohama. Mama mkwe anakula kwa pikapu ile. Sote tunajua.

Akasema, "Shemeji, nasikia unakwendaga kuangalia maua. Nitawapeleka mie. Bure."

Nilifurahi kama mtoto. Mie na Eliwaza tulikuwa tumepanga kupanda basi la Kisarawe na vikapu kichwani. Jabiri akauliza njia ya kuingilia. Akauliza kama getini wanapekua. Nikamwambia, kwa maringo kabisa, kwamba mie hawanipekui. Askari wa msitu pale, Mzee Kondo, ananijua tangu enzi za lori la shule. Akiniona anafungua.

Jabiri akasema vizuri sana. Athumani alikuwa anatazama sahani yake, na sahani ilikuwa tupu.

Ijumaa, 3 Juni

Chapati, maharage ya nazi, mihogo ya kuchemsha, chupa ya chai. Watoto nimewapeleka kwa dada yangu Magomeni. Umeme hakuna, nimekanda unga kwa mwanga wa chemli.

Jabiri kaleta pikapu kulala hapa uani. Nyuma kuna turubai kubwa limekunjwa. Anasema ni la mvua.

Nina furaha. Naandika hivyo kwa sababu siandikagi.

Jumamosi, 4 Juni

Nimejifungia chumba cha watoto.  Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa kabla hawajanivuruga na maneno yao.

Tulitoka alfajiri. Sote watatu tulikaa mbele, Eliwaza katikati, vibao vyangu mapajani kwake. Getini Mzee Kondo alitoka na kikombe cha uji mkononi. Nikamwamkia. Akauliza habari za wanafunzi, kwa nini siku hizi siwaleti. Akafungua bila hata kuzunguka nyuma ya gari. Jabiri alitushusha njia ya gari inapoishia, akasema anakwenda kutafuta kivuli, tukutane hapo hapo alasiri.

Saa za mwanzo sikuwa na hasira na mtu yeyote duniani.

Chini kulikuwa na unyevu bado. Lile ua la kutambaa lenye petali nyekundu na njano zilizojikunja kwenda juu kama moto, limejaa kila penye mwanga. Okidi nyeupe kwenye shina la mti ulioanguka, nyingi kuliko nilizowahi kuona. Vimaua vya buluu ambavyo sivijui na nimevichora. Halafu ua la kilua. Unakisikia kwanza puani, ndipo unaanza kukitafuta. Marehemu mama yangu hakuwa anakosa kilua kwenye kikuba chake, kile kifungu cha maua cha kuvaa kifuani, kila Ijumaa. Eliwaza hakuwahi kukinusa kikiwa mtini. Alifumba macho, akasema kwao Upareni kuna msitu juu mlimani ambao bibi yake alikuwa anawapitisha kimya, na alikuwa amesahau kabisa kama aliwahi kuwa mtoto. Tulikula chapati tumekaa juu ya mzizi.

Halafu moshi.

Nilidhani ni wakulima wa pembeni. Lakini moshi ulikuwa unatoka ndani, upande wa bondeni, na sauti za shoka zilikuwa nyingi. Tukafuata njia. Njia ilikuwa na alama za matairi, mbichi.

Bondeni hapakuwa na msitu tena. Visiki. Utomvu unatiririka bado. Tanuri la mkaa limefunikwa udongo, linafuka taratibu kama kitu kinachopumua. Pembeni miti imelazwa ikingoja zamu yake, na mitatu ilikuwa ya kilua. Na maua juu yake. Nilisikia harufu ile ile iliyomfumbisha macho Eliwaza, pamoja na moshi.

Na pikapu. Vijana wawili wanapandisha magunia, Jabiri kavua shati anawaelekeza jinsi ya kuyapanga.

Hakushtuka. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Akasema, "Shemeji, mmemaliza mapema."

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anafanya kazi. Nikamwambia huu ni msitu wa hifadhi. Akasema anajua.

"Kwa hiyo maua yangu ndiyo ruhusa yako?"

"Wewe kaa mbele tu, shemeji. Mzee wako atakuona, atafungua. Hakuna anayeumia."

"Unaniuza kwa mtu anayeniamini."

Alikuwa anafunga kamba ya turubai. Akageuka, akanitazama kwa utulivu, wala hakupandisha sauti. "Na wewe nyumbani unapikia nini? Maua?"

 Jiko langu ni la mkaa. Uji wa watoto wangu umechemka kwa mkaa tangu walipozaliwa. Alijua hilo, na alikuwa amelitayarisha swali. Hicho ndicho kilichoniwasha kuliko yote.

Mvua ikaanza. Geti lilikuwa mbali. Nikapanda gari. Naandika hilo wazi: nilipanda mwenyewe. Eliwaza akapanda, akakumbatia vibao. Nikamtazama. Akasema polepole, "Mimi sitasema kitu. Ni shemeji yako." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananiachia.

Njia nzima nilifikiri nitanyamaza. Nitanyamaza leo, nitagomba nyumbani, mambo ya ndani yaishie ndani. Nilikuwa nimeshakubali. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kumwambia Athumani.

Mzee Kondo alitoka kajifunika gunia la plastiki kichwani. Akashika kamba ya kizuizi.

"Mwalimu, mwaka huu yamechanua?"

"Yamechanua, mzee."

"Alhamdulillahi." Akaanza kuvuta. Mti wa kizuizi ukapanda. Jabiri akaingiza gia. Na mzee yule alikuwa anatabasamu kwenye mvua, kwa ajili yangu.

Nikasema, "Mzee Kondo, hebu tazama nyuma."

Alidhani nataka kumwonyesha maua. Akacheka, akaifunga kamba, akazunguka. Tukasikia anafunua turubai. 

Jabiri akachungulia dirishani. Sauti yake ilikuwa laini kabisa. "Mkaa wa shule huo, mzee. Wa jiko la wanafunzi. Muulize mwalimu."

Mzee Kondo akaja upande wangu. Hakuuliza. Alisimama tu, maji yanamdondoka puani, akingoja.

"Si wa shule," nikasema. "Na si wangu. Nimetumika, mzee wangu. Nisamehe."

Akaenda kuushusha ule mti. Akamwita mwenzake kwenye kibanda.

Jabiri alizima gari. Alikaa ameshika usukani. Akaniambia bila kunitazama, "Umemuua mama yangu kwa njaa. Kumbuka siku ya leo." Tukashuka. Tulitembea mpaka barabara ya Kisarawe, Eliwaza na vikapu, mie na vibao vyangu kifuani. Kwenye basi watu walijitenga nasi kwa sababu tulinuka moshi.

Mama mkwe yuko sebuleni tangu magharibi. Analia kwa sauti ya kusikika mtaani. Athumani kaingia mara moja, kasema, "Ungeningoja mie nizungumze naye." Katoka.

Ningemngoja wapi? Kwenye kizuizi?

Jumapili, 5 Juni

Nimekwenda pwani. Ndiyo. Gari limekamatwa, shemeji yuko kituoni, mama mkwe kalala kwangu, nami nikavaa raba nikaenda Kunduchi na Eliwaza kama tulivyopanga. Mama mkwe akauliza kama nina akili. Nikasema nitarudi kabla ya giza. Ningebaki ningesema kitu ambacho hakirudi.

Nilidhani bahari itanipoza.

Mara ya mwisho nilipotembea kule, ufukwe ulikuwa mmoja, unakwenda tu, mivinje upande mmoja na maji upande mwingine. Sasa kuna kuta. Kila baada ya mwendo kidogo, ukuta, mweupe, mpya, na vipande vya chupa juu. Wa mwisho umeteremshwa mpaka kwenye mchanga wenyewe. Mlinzi akatoka na rungu. Kijana mpole, macho mekundu ya kukesha.

"Mama, hapa hapapitiki. Ni mali ya mtu."

"Mtu gani?"

"Sijamwona. Mie naletewa mshahara tu."

"Na bahari nayo ni yake?"

Akafikiri kweli. "Bahari sijaambiwa."

Eliwaza akaanza kucheka. Mpare wa milimani, asiyejua kuogelea, akavua viatu, akakunja sketi, akaingia majini. Nikamfuata. Tuliuzunguka ukuta wa mtu yule maji yakiwa mapajani, tumeshikana mikono, vikapu kichwani. Wimbi likatupiga hadi kifuani. Mlinzi alikuwa anatutazama kwa wasiwasi, akatupigia kelele tushike kulia, kushoto kuna shimo.

Upande wa pili kuna ule mmea wa kutambaa mchangani, wenye maua ya zambarau kama tarumbeta. Umepita chini ya ukuta. Sikuchuma. Mbele zaidi mikoko imeachwa, na miti ya mikadi imechanua, inanukia kama harusi. Hapo ndipo nilipolia. Eliwaza hakunibembeleza. Alikaa pembeni yangu, akala mihogo, akaniachia nusu.

Nililia kwa hasira. Nataka ieleweke, hata kama hakuna atakayesoma. Sikulia kwa kujuta.

Jumatatu, 6 Juni

Athumani kanikalisha baada ya chakula. Amezungumza na mama yake, na mjomba wao, na mtu wa kituoni. Wamepata njia. Niende nikaseme kwamba mkaa ulikuwa wa shule kweli. Nilipitiwa. Niliogopa mvua, nikachanganyikiwa. Nitapewa onyo, gari litatoka, yamekwisha.

Nikamuuliza, na Mzee Kondo je? Atakuwa amemkamata mtu bure?

Akasema Mzee Kondo si ndugu yetu.

Aliongea vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyekaa na jambo muda mrefu. Hapo ndipo nikaikumbuka sahani tupu ya Jumatano.

"Ulijua?"

Akaanza kukunja kitambaa cha meza.

"Athumani, ulijua?"

"Aliniambia Jumatano kabla hajaja kula. Alisema mara hii tu. Ana deni la matairi."

"Ijumaa ulikuwa umekaa pale unaniangalia nasukuma chapati."

"Ni mdogo wangu, Saada."

"Na mie?"

Akasema nisiikuze ishu. Nikamwambia sikuikuza, nimeikuta imeshakua, imelala kitandani kwangu. Nikamwambia siendi kituoni kusema uongo, wala kesho, wala nikifukuzwa nyumba hii. Kachukua msuli wake na mswaki, kaenda kulala kwa mama yake.

Sina huzuni. Nina hasira inayonipa nguvu ya kufua nguo zote za nyumba. Nimefua mapazia.

Jumatano, 8 Juni

Mtaani naitwa mchongezi. Muuza nazi, ambaye mwanawe nilimfundisha mpaka akafaulu, leo kaniuzia nazi mbovu huku ananitazama machoni.

Shuleni habari imefika. Mwalimu mkuu kaniita. Nilidhani atanisifu, au basi atanihurumia kwa jina la shule kutumiwa. Kasema kama mie ningekaa nyumbani wikiendi, shule isingeingia kwenye mdomo wa mtu. Nikamwambia yeye ndiye aliyesema masomo ya vitendo yasubiri. Basi nimekwenda kusoma. Sikungoja ruhusa ya kutoka ofisini.

Swali la Jabiri halijatoka. Juzi nilinunua jiko la mafuta ya taa. Chakula kinanuka, wali umeshika chini, watoto wamegoma kula. Mafuta yenyewe yanakwisha kabla maharage hayajaiva. Leo nimerudi kwenye mkaa. Nimekaa mbele ya jiko nikipepea, najitukana. Halafu nikaacha kujitukana. Kupika si kosa langu. Kosa ni kunifanya mie pazia la kujificha nyuma yake. Hayo ni mambo mawili na sitakubali mtu ayafunge gunia moja.

Ijumaa, 10 Juni

Jabiri katoka. Katozwa faini, mkaa umetaifishwa, pikapu karudishiwa. Mama mkwe kauza bangili zake za dhahabu, zile alizovaa siku ya harusi yangu. Kanipitia mlangoni mikono mitupu, kainyoosha niione, kaondoka.

Nimeiona. Inauma. Lakini aliyemvua bangili si mie.

Jumamosi, 11 Juni

Nimepanda basi kwenda Pugu, peke yangu. Sikwenda kwa maua. Nilitaka kumwona Mzee Kondo, kumwomba radhi kikamilifu, bila gari linalounguruma pembeni.

Alinipa kigoda kibandani. Hakutaka radhi. Akasema wale vijana wa shoka anawajua, ni wa vijiji vya jirani, mmoja ni mtoto wa binamu yake. Kabla ya mvua hizi walikuwa wanalima mihogo, ikaoza ardhini. Akasema mdogo wa mume wangu si wa kwanza kupita na mtu wa heshima kaketi mbele. Kuna aliyewahi kupita na shehe.

Nikamwambia nilidhani nimeokoa kitu.

Kabla hajajibu likaja lori. Kubwa, la magurudumu mengi, kutoka ndani ya msitu. Halikufunikwa hata turubai. Magogo mazima, manene, yametoka utomvu kwenye mikato. Dereva akanyoosha mkono dirishani, na karatasi ya kibali. Mzee Kondo akavaa miwani, akaisoma yote, polepole, kama anatafuta ndani yake neno moja la kumsaidia. Halafu akaenda akavuta kamba.

Lori likapita. Vumbi likatuingia mdomoni.

"La nani?" nikauliza.

"La mkubwa." Akanyoosha kidole juu, si kwa Mungu. "Karatasi yake imetimia. Mie hapa nakamata zisizotimia."

Sikumbuki kama niliwahi kuwa na hasira ya namna hii. Hata ya Athumani ni ndogo. Jabiri kavuliwa bangili za mama yake kwa pikapu moja. Mlinzi wa Kunduchi anakesha kulinda ukuta wa mtu asiyemjua. Na lori linaondoka mchana kweupe, dereva anapiga honi kushukuru.

Nimemuuliza Mzee Kondo kwa nini basi anakaa. Akasema akiondoka yeye watamweka ambaye hatazunguka nyuma hata akiambiwa. Halafu akaniomba nilete wanafunzi, lori la shule liwepo lisiwepo. Waje kwa basi. Waje waone visiki pia, nisiwaonyeshe maua tu.

Jumatatu, 13 Juni

Nimewaambia kidato cha pili. Likizo ikiisha tunakwenda Pugu, kwa basi, kila mtu na nauli yake na chakula chake. Asiye na nauli aniambie pembeni. Mwalimu mkuu sijamwomba. Nimemjulisha.

Msichana mmoja kauliza kama ni kweli nilimkamatisha shemeji yangu.  Nikasema ni kweli. Nikawaeleza, bila kuongeza wala kupunguza. Mwingine akauliza, kwa hiyo mwalimu, nyumbani unapikia nini? Nikasema mkaa. Wakacheka, nami nikacheka, ndipo tukaanza kipindi.

Ijumaa, 17 Juni

Athumani karudi. Kaingia kama mtu anayerudi kutoka kazini, kaning'iniza shati msumarini. Sikumkaribisha, sikumfukuza. Watoto wamemrukia. Kala ugali, kasema samaki mtamu. Nimesema mengine yako sufuriani.

Anasema Jabiri sasa anabeba matofali ya saruji, huko huko Kunduchi. Ya kuta. Nimekwenda kuosha sufuria.

Jumapili, 26 Juni

Nimeamka mapema niende Mbweni. Eliwaza yuko kanisani, ana ubatizo. Nilikuwa nafunga raba wakati Athumani alipouliza kama anaweza kuja. Nikamwambia sijamsamehe. Akasema anajua. Nikasema njoo.

Kavaa viatu vya ofisini, hana vingine. Mchanga ukamwingia, akawa anasimama kila mara kukung'uta. Nilimngoja. Sikumshika mkono, lakini nilimngoja.

Maji yalikuwa yametoka mbali. Tulipita mbele ya kuta zote bila kulowa. Hatukuzungumza juu ya mama yake wala mdogo wake. Karibu na mikoko akainama, akaniuliza kimmea fulani kidogo chenye maua ya rangi ya waridi, kimeota kwenye ufa wa jiwe la matumbawe, kinaitwaje. Nilikitazama vizuri. Sikijui. Nikamwambia sikijui.

Akachuchumaa pale, mikono magotini, akakitazama muda mrefu. Upepo ulikuwa baridi kidogo. Nikakaa juu ya jiwe la pembeni, nikafungua chupa ya chai.